Nikeli Nyembamba ya Wakoli

Mwaka wa 1972, usukani wa baiskeli uking'aa Kisumu, ujue umepitia mikononi mwa Wakoli. Alikuwa fundi wa kupaka nikeli katika karakana nyuma ya stesheni ya reli, na kuringa aliringa, maana sababu alikuwa nayo. Kisha sukani zikaanza kurudi. Mteja wa Muhoroni alirudisha kumi na mbili kwa mkupuo, zote zimeota kutu hata miezi miwili haijatimia.

Bwana Laban, mwenye karakana, akasema kazi isiponyooka kufikia Jumamosi ataleta fundi mwingine kutoka Nakuru. Wakoli akaingiwa na baridi. Desemba alikuwa amuoe Maximilla, na baba yake Maximilla alimkubali kwa ajili ya kazi hiyo, wala si kwa sura yake.

Akatafuta mchawi kila pembe. Umeme wa kwenye pipa la kuzamishia vyuma ulikuwa ule ule. Maji ya nikeli yalikuwa na joto lake, vipande vya nikeli bado vinene, na kulabu za shaba alizisugua mpaka zikawaka. Hata hivyo, alipopima usukani kwenye mizani kabla na baada ya kuuzamisha, nikeli iliyoshika ilikuwa nusu tu ya ile ya zamani.

Ijumaa Maximilla alimletea ugali na omena, akaketi juu ya debe akimtazama. Wakoli hakuwa na saa. Kwa miaka sita alipima muda kwa wimbo wa kanisani, ule wa mazishi: anauimba beti zote mara nne, ndipo anatoa vyuma pipani. Alipouanza siku hiyo, Maximilla, mwanakwaya, akatega sikio.

"Wakoli, huo wimbo wa matanga umeanza kuuimba kama wa harusi tangu lini?"

Wakoli akahesabu miezi. Ni tangu Agosti, baba mkwe alipomkubali.

Jumamosi nikeli ilikuwa nene. Bwana Laban akataka kujua kasoro ilikuwa nini. Wakoli angeweza kusingizia umeme, lakini aliona aibu kudanganya.

"Ni furaha, Bwana. Tangu nipewe mke, naimba mbio."

Laban alimkazia macho, kisha akavua saa yake, akaitundika kwenye msumari juu ya pipa.

"Imba unavyotaka," akasema, "lakini vyuma utoe kwa hii."

Desemba Wakoli alioa. Bwana Laban alifika kanisani watu wanatoka; saa yake ilikuwa bado msumarini, juu ya pipa.