Aliyejua Kuchagua Viini

Katika karakana yetu ya umeme, Kolwezi, tulitengeneza choki, zile koili nene zinazotuliza umeme wa volti nyingi kabla haujafika kwenye mashine. Kuzungusha waya kila mtu aliweza. Kazi ilikuwa kuchagua kiini, noyau kama tulivyosema pale, yaani kile chuma cha katikati. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, hakukosea hata mara moja. Vipuri vilipoacha kuja, alibomoa transfoma zilizokufa, akapanga upya mabati yake membamba, akaacha mwanya wa karatasi ngumu kati ya vipande viwili, na choki ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Wakubwa waliipita meza yangu wakaenda kumwuliza yeye. Mimi nilikuwa na diploma, yeye alikuwa na penseli sikioni. Iliniuma, sifichi. Hata alivyoniita "tata", yaani baba, kwa heshima iliniudhi, nikaona ananicheka.

Kisha zikaja siku za kuwafukuza mkoani kwetu watu wote wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapa. Direkta akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Tata, kuko mutu mwingine anayua kuchagua noyau? Kama hakuna, mi nitaomba bamuache hapa."

Nilijua swali lile lilibeba nini. Mwenzangu alikuwa na mke na watoto wanne, na nyumba ya kampuni aliyozaliwa ndani yake.

"Mi naweza," nikasema.

Juma lile lile wakamtoa nyumbani. Yeye na familia yake wakaenda kulala stesheni na wenzao wengi, wakingoja treni. Mimi nikahamia meza yake, na sitasema uongo, nilifurahi.

Choki ya kwanza niliitia kiini cha feriti, ile kauri ya unga wa chuma, kipya, cheusi, kimetoka ghalani na karatasi yake. Yale mabati ya zamani niliyaona umaskini tu. Tulipowasha, ikanguruma, ikapata moto, vanishi ya waya ikaanza kunuka. Nikabadili feriti kwa feriti nyingine, mambo yakawa yale yale. Direkta akanipa siku moja. Mficha uchi hazai, nikaenda stesheni.

Nilimkuta ameketi juu ya godoro lililokunjwa, na mtoto wao wa mwisho anakohoa mgongoni kwa mama yake. Nikaeleza shida ya choki kana kwamba nimetumwa. Mikononi sikuwa nimewabebea hata mkate.

"Ile feriti inashiba mbio, tata," akasema. "Umeme ni mingi. Noyau ikishiba, haizuie kitu tena. Rudisha mabati, na uache mwanya. Bila mwanya, hata mabati itashiba."

Akanichorea kwenye kipande cha katoni, akaandika unene wa karatasi, akarudia mpaka nikaelewa. Wivu ukanipanda pale pale, kati ya mizigo na vikohozi. Hata akiwa ameketi chini, alikuwa juu yangu.

Nilipoinuka akaniuliza, "Direkta aliniambia kuko mutu alisema anaweza hii kazi. Njo nani?"

Mke wake akaacha kumbembeleza mtoto, akanitazama.

"Simuyue," nikasema.

Akaninyooshea ile katoni.

"Basi umupe hii. Na umuambie azime umeme kwanza, asiungue mikono."