Dole la Ña Eulogia

Nimewalisha vijana wa misheni muhogo miaka mingi, kwa hiyo mtu asije kunifundisha habari zao. Wanakuja hapa mjini kwetu wawili wawili, mashati meupe, vibati vyeusi vya majina kifuani, na sisi waumini tunawaita Mzee, ingawa wengine ndevu zenyewe bado wanaziombea. Mzee Jeppson alikuwa wa namna hiyo. Alitoka Idaho, Marekani, kwenye mashamba ya viazi, masikio yamechomoza, na jua la Paragwai halikuiacha pua yake ipone hata wiki moja.

Siku zao zinafanana. Alfajiri wanasoma maandiko, asubuhi wanaingia kwenye vumbi jekundu. Wanasimama getini kwa watu wanapiga makofi, ndiyo hodi ya kwetu, na mbwa anawaitikia kabla ya mwenye nyumba. Wengi wanawaambia wana shughuli. Jeppson na mwenzake Huamaní, Mperu mfupi mwenye maneno mengi, hawakuachana hata kwenda dukani, maana ndiyo sheria yao. Miezi ikapita, Jeppson hajapata hata mtu mmoja wa kubatizwa. Kila Jumatatu, siku yao ya kufua, alikuja sebuleni kwangu kumpigia mama yake simu, kwa sababu mtandao wangu haukatikikatiki, na kila Jumatatu aliondoka ameinamisha kichwa.

Ndipo Ña Eulogia akakubali kubatizwa. Huyu ni jirani yangu, na Ña kwetu ni kama kusema Bibi; ni mjane, mdomo wake wembe, haogopi mtu. Anaogopa maji. Mto ulimchukua dada yake wakifua, wote wasichana, yeye anaangalia, na tangu hapo anaoga kwa kopo. Sasa, ubatizo wetu si wa kunyunyiza. Mtu anazama mzima, kuanzia unywele hadi ukucha, na mashahidi wawili wanaangalia. Kikibaki kitu nje, kazi inarudiwa.

"Mara moja tu, Ña Eulogia," Jeppson alimwahidi. "Chini, juu, basi."

"Mara moja nitaweza, mwanangu. Mara mbili mtanizika."

Alimchagua Huamaní ndiye ambatize. Alisema yule mrefu, Jeppson, atamdondosha. Mashahidi tukawa mimi na Jeppson.

Jumamosi ikafika, birika la ubatizo kanisani limejaa, Ña Eulogia kavaa nguo nyeupe anatetemeka tangu ngazi ya kwanza. Huamaní akainua mkono, akasema maneno, akamlaza. Na kwa macho yangu haya nikaona dole gumba la mguu wake wa kulia limechomoza juu ya maji, kavu kabisa, linatazama dari.

Akainuka anakohoa, amemng'ang'ania Huamaní shingoni. "Tayari?"

"Tayari," Jeppson akawahi kusema. "Imekuwa sawa."

Nikamgeukia. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega, nilichokiona mimi amekiona yeye. Masikio yalishamwiva.

"Dole limebaki nje," nikasema.

Watu wakaguna. Mama mmoja nyuma yangu akaninong'oneza, "Blásida, mwache bibi wa watu." Kama nilikuja pale kufumba macho, si ningebaki nyumbani nikalala?

Ña Eulogia akafuta maji usoni. "Mzee Jeppson. Uliliona?"

Kijana akatafuta pa kuangalia, hakupaona. "Niliona."

"Na ukasema sawa."

"Nilikuhurumia, Ña Eulogia. Nilikuahidi mara moja."

"Ulinihurumia," akasema, taratibu, meno yanagongana kwa baridi. "Nimeingia kwenye maji yaliyomla dada yangu kwa sababu wewe uliniambia niamini neno lako. Kumbe unataka nife nikijua nimebatizwa, dole langu bado liko sokoni?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na kwenu utawaambia nini? Mmebatiza bibi mzima, isipokuwa dole?"

Aibu ilimshika Jeppson mpaka mikono hakujua aiweke wapi, akaifumbata nyuma, akaileta mbele. Nami, niseme kweli, roho iliniuma.

"Huyu asiangalie tena," Ña Eulogia akasema. "Nipeni shahidi mwingine."

Don Aparicio, kiongozi wa tawi letu, akaja kusimama kando yangu. Jeppson akaenda ukutani, kwenye taulo.

"Kunja magoti safari hii," nikamwambia jirani yangu. Akafumba macho, akataja jina la dada yake, akazama. Hakikubaki kitu juu.

"Amezama mzima," nikasema.

Jeppson ndiye aliyempelekea Ña Eulogia taulo. Bibi alilipokea bila kumtazama. Baadaye kwenye chakula kijana alikaa anazungusha kipande cha muhogo kwenye sahani, hali, hata Huamaní alishindwa kumchekesha. Ña Eulogia, nywele bado mbichi, akamsogezea bakuli la nyama.

"Kula," akamwambia. "Njaa haifuti uongo."

Jumatatu wakaja kupiga simu. Mama yake alikuwa kwenye kioo cha simu, na nyuma yake ukoo mzima, nadhani na majirani, maana habari ya ubatizo ilishawafikia. Walipiga makofi, mama analia kwa furaha. Kiingereza mimi sijui hata cha kuombea maji. Lakini nilimwona Jeppson anatabasamu, anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nikajisemea, haya, amerudia uongo wake.

Kisha akaniangalia mimi niliyekuwa napanga vikombe, akaangalia sakafu. Akainama, akavua kiatu, akavua soksi, akainua mguu mpaka mbele ya simu na kulishika dole gumba lake, mama yake alione. Makofi ya upande wa pili yakakoma. Akaanza kuwaeleza, polepole, masikio mekundu, na mguu hakuushusha mpaka alipomaliza.