Kwenda Kawangware Kuona Kovu

Nilikwenda Kawangware kuangalia kifua cha mwanamke mwenzangu. Alhamisi nilitakiwa hospitalini kukatwa titi la kushoto, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kuamua kwamba sitakwenda. Kemo, zile dawa za kansa za kudungwa mshipani, ilikuwa imekwisha. Ule uvimbe niliokuwa nikiugusa kila nikioga, mgumu kama kokwa ya embe, sasa niliutafuta kwa vidole nisiuone. Jirani yangu hapa Laini Saba, Mama Kadogo, ambaye tunatumia kamba moja ya kuanika nguo, alikuwa na jibu tayari.

"Si imeisha? Sasa unaenda kukatwa ya nini? Kisu ndio huamsha hiyo kitu."

Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilitaka awe sahihi.

Asubuhi niliifuata reli kwa miguu, maana tangu nianze kemo harufu ya petroli hunitapisha. Nilijifunga kitambaa kichwani kuficha upara. Haikusaidia kitu. Watu wa Laini Saba wakikuhurumia hukuhurumia kwa kelele, na kila mwenye kibanda alinisalimia kwa sauti ya matanga. Nilitamani mmoja tu anitukane, nijue bado mimi ni mzima.

Nilipofika Mashimoni nilikaa juu ya mtungi mtupu kwenye kioski cha maji. Kucha zangu zilikuwa nyeusi, miguu inawaka. Nikamkumbuka daktari, binti mpole ambaye aliniuliza ninakaa wapi kabla ya kunieleza ugonjwa wangu.

"Mama, unajua vile plot hukaa, room za kupanga zimetenganishwa na mabati tu," aliniambia. "Kuna kansa zinabaki kwa room yao, ndani ya mrija wa maziwa. Yako imetoboa mabati, ikaingia kwa majirani, ikafika mpaka kwa tezi za kwapa. Ndiyo maana tunaiita kansa vamizi. Kemo inafuata zile zimetoroka mbali. Operesheni inatoa pale ilianzia. Halafu mionzi, juu ya zile zinaweza kuwa zimejificha hapo karibu. Na hii yako inalishwa na homoni, kwa hivyo utameza tembe miaka kadhaa."

Nilielewa yote. Kuelewa hakukuniondolea woga hata kidogo.

Nilipofika Sarang'ombe nilisimama nikaegemea nguzo ya kibanda. Muuza mandazi mmoja alinisogezea benchi na kikombe cha chai ya rangi bila kuniuliza lolote, Mungu ambariki. Chai yenyewe ilikuwa na ladha ya msumari, kama kila kitu siku hizi. Nilipovuka Barabara ya Ngong nilishindwa kabisa kutembea, nikaziba pua, nikapanda boda, nikamwambia kijana aendeshe kama amebeba mayai.

Kawangware nilifika jua la utosi. Mwenyeji wangu, Mama Brayo, ameolewa na binamu ya mume wangu, na kazi yake ni kufuma sweta za shule. Alikatwa titi miaka kadhaa iliyopita. Aliponiona mlangoni aliweka sindano zake chini.

"Karibu, Mama Zipora. Na usinidanganye ati umekuja salamu. Hiyo uso ni ya kuja kuangalia."

Akafunga mlango, akafungua blauzi. Nilitarajia shimo, sijui kwa nini. Ulikuwa mstari tu, umelala kutoka katikati ya kifua hadi kwapani, na ngozi bapa yenye joto.

"Gusa. Haiumi."

Niligusa, nikalia. Titi langu limenyonyesha watoto watatu. Mama Brayo aliniacha nilie, kisha akanitolea kutoka kwenye sidiria yake titi la kufumwa kwa uzi, la maruni, rangi ya sweta za shule.

"Hii ni ya pili. Ya kwanza nilijaza wimbi, hii nafaka ya uji, ndiyo ikuwe na uzito. Nikaivaa miezi. Siku moja nikaifua na wimbi yake ndani, nikaiweka kwa beseni, nikaisahau. Kurudi, imeota! Mimea imetokea kwa matundu ya uzi. Mzee wangu akasema, 'Sasa imekuwa kimea, tutengeneze pombe ya busaa.'"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sikuwa nimecheka tangu kemo ya kwanza. Nikapata nguvu ya kusema lililonileta.

"Lakini yangu imeisha, Mama Brayo. Nikigusa sipati kitu."

Aliacha kucheka.

"Hata yangu ilipotea na kemo. Nikakatwa hivyo hivyo. Walipopima ile nyama, wakapata kansa imebaki ndani, ndogo, na iko hai. Wimbi yangu nayo ilikuwa kavu, ukishika unasema imekufa. Ilikuwa inangoja maji tu." Akanitazama. "Sikuambii uende. Nakuambia vidole haziwezi kujua."

Tulikula ugali na mrenda, mimi matonge mawili tu. Wakati wa kuondoka alinipa lile titi la kwanza, likiwa tupu. "Utajaza mwenyewe. Na tafadhali, si wimbi."

Njia ya kurudi siikumbuki vizuri. Nakumbuka uchovu, vumbi, na mkono wangu ndani ya mfuko ukiminya uzi. Woga nilirudi nao wote, sikuuacha Kawangware. Nilichojifunza ni kwamba naweza kwenda nao hospitalini, nao usinizuie.

Jumatano nililifua lile titi, nikalianika kwenye kamba yetu, katikati ya shuka za Mama Kadogo. Alitoka na beseni lake, akasimama.

"Hii nayo ni nini?"

"Ni titi yangu," nikamwambia. "Ya kuanzia kesho."