Kisu cha Sponji Chageuzwa Silaha

Saa mbili asubuhi, Mama Sponji amepiga magoti sebuleni kwa watu, anahangaika kukata sponji kwa kisu cha nyanya alichoazimwa na mwenye nyumba. Kisu kinakwama, sponji inachanika ovyo. Anasonya.

"Hebu ona," anasema, akiinua kipande chenye meno meno. "Mteja akikalia hapa atadhani kochi lina panya."

Ni fundi makochi. Karakana hana, kodi ilimshinda, kwa hiyo huwafuata wateja majumbani. Kochi moja humwachia pesa ya kula siku tatu, tena kwa kujibana. Kisu chake cha kazi, kirefu kama mkono kuanzia kiwiko, kiko kituo cha polisi. Wanakiita kielelezo.

Kosa lake ni uungwana. Mwezi uliopita, akitoka kazini, alipitia kliniki kumchukulia mumewe dawa za presha. Getini mlinzi akataka kupekua begi.

"Nikamwambia, taratibu, baba, humo mna kisu, usije ukajikata," anasimulia. "Nilimwonea huruma mimi. Ningekaa kimya, labda angeona nyuzi tu akanipitisha."

Mlinzi akaita polisi. Sheria inamruhusu fundi kubeba kifaa chake akienda kazini na akirudi nyumbani. Kliniki, askari alimweleza, si kazini wala si nyumbani.

"Akaniuliza, hapa unamtengenezea nani kochi? Nikasema nimefuata dawa. Eti ningepeleka kisu nyumbani kwanza, ndipo nirudi. Yaani kisu kiwahi nyumbani, mgonjwa asubiri."

Alilala mahabusu. Mumewe, aliyepooza upande mmoja, alilala bila dawa na bila mtu wa kumgeuza. Akifika hapo kwenye maelezo yake, Mama Sponji anaweka kisu chini.

Inaudhi, na haina haja ya kupambwa. Mkabala na kituo hichohicho cha polisi kuna duka la vyombo. Watu wanatoka na visu vipya kwenye mifuko, wanapita mbele ya askari, wanapanda magari yao. Hakuna anayewauliza wanapitia wapi. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya wahuni imemnasa mwanamke aliyejitaja mwenyewe.

Shemeji yake anamshauri akubali kosa la kubeba silaha, alipe faini, yaishe.

"Yaishe kwa nani?" anahoji. "Mimi naingia hadi vyumbani kwa watu, wengine wananiachia funguo. Nikishaandikwa mtu wa silaha, nani atanifungulia mlango? Faini nitalipa. Jina nitalisafisha na nini?"

Tayari mteja mmoja amesikia habari hizo, na simu zake hapokei tena.

Yuko nje kwa dhamana; kesi itasikilizwa Alhamisi. Wakili hana. Amepanga kumwomba hakimu amwite yule mlinzi, aeleze mbele ya watu ni nani aliyekitaja kisu kwanza. Zaidi ya hapo hana utetezi, na haoni kwa nini awe nao.

Juzi, akimvalisha mumewe shati, mzee alimuuliza, "Na wakikufunga?"

"Wanifunge," alimjibu, akimalizia kifungo cha shingoni. "Lakini waandike wamemfunga fundi makochi. Hilo lingine sisaini."