Kitabu Kinaangalia Mwenye Mtihani

Msichana aliyewazidi wenzake wote kwa hesabu katika chumba chetu cha Jumamosi alikuwa akichora grafu juu chini, na hakujua. Sifuri aliiweka kwenye pembe ya juu, mkono wa kulia. Namba za mstari uliosimama zilishuka badala ya kupanda, na za mstari uliolala zilikwenda kushoto. Maandishi yake yalikuwa wima kama ya mtu yeyote. Kilichopinduka ni mchoro tu. Alikuwa Gredi ya Tisa, na mtihani wa mwisho wa mwaka ndio ungeamua kama angeingia sekondari ya juu kusoma sayansi, jambo alilolitaka kuliko lolote.

Chumba chenyewe ni cha kanisa, mtaani Soweto East, nyuma ya maduka madogo. Kwaya ikishamaliza mazoezi, sisi watu wazima wachache tunapanga benchi na kuwasaidia watoto kazi zao za hesabu. Vitabu havitoshi, kwa hiyo watoto huzunguka meza na kitabu hukaa katikati. Anayewahi hupata upande mzuri. Yule msichana aliwahi kila mara, akitembea kutoka kwa shangazi yake, mtaa wa pili wa Raila, na kila mara alikwenda kukaa upande wa pili, kitabu kikiwa kimempa mgongo. Mimi nilidhani ni adabu, kwamba anawaachia wenzake. Alisoma maswali kwa sauti kutoka upande huo bila kukwama, wengine wakiandika.

Ilichukua muda kugundua kwa sababu grafu za kwanza tulizofanya zilikuwa za mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka ukiupindua juu chini bado unainama vilevile. Majibu yake yalikuwa sahihi. Shuleni kwao darasa limejaa na mwalimu husahihisha majibu tu. Kisha tukafika kwenye grafu za nguzo, zile za kuonyesha mvua ya kila mwezi. Nguzo zake zilining'inia kutoka juu ya karatasi.

"Ticha, kuja uone popo!" mvulana mmoja alipaza sauti.

"Mvua yake inarudi mbinguni," mwingine akasema.

"Chekeni tu," msichana akajibu. "Aprili imepata ngapi kwako?"

Mvulana akamsomea.

"Na kwangu?"

Ilikuwa ileile. Wakarudi kwenye karatasi zao, lakini yeye sasa alikuwa ananitazama mimi. Nikamuuliza kama kitabuni grafu zimechorwa hivyo. Akasema ndiyo, na akanyoosha kidole kwenye kitabu kilichokuwa mezani, kutoka upande wake. Nikazunguka meza, nikasimama nyuma yake, nikaona alichokuwa akikiona.

"Na za ubaoni?" nikauliza.

"Nilidhani ubaoni wanazigeuza kwa sababu ubao unasimama. Ya kitabu inalala."

Hakusema kwa mzaha. Alikuwa amekutana na michoro miwili inayopingana, akatafuta sababu, akaipata.

Jumapili iliyofuata alinipeleka kwao Kawangware, alikoishi kabla ya kuhamia kwa shangazi ili awe karibu na shule. Mama yao alikuwa kanisani. Tulimkuta dada yake mkubwa akifua mlangoni. Nilimwomba anionyeshe walivyokuwa wakisoma, akapangusa mikono na kuingiza ndani stuli moja, akaiweka kati ya kitanda na ukuta. Yeye alikaa kitandani. Mdogo wake akavuta mtungi wa maji, akaukalia upande wa pili, bila kuambiwa. Hapakuwa na nafasi ya wawili kukaa pamoja. Dada akafungua gazeti juu ya stuli, likimtazama yeye.

"Hapa sheria ni moja," akasema. "Kitabu kinaangalia mwenye mtihani. Na mwenye mtihani nilikuwa mimi. Huyu alikuwa anakuja kuchungulia tu."

"Sikuwa nachungulia. Nilikuwa nasoma."

"Ulikuwa unasumbua. Eti nigeuze kidogo aone! Nilikuwa namwambia, tulia, siku yako itafika."

Nikamweleza habari ya grafu. Alicheka sana, kisha akaacha kucheka.

"Kwa hivyo ni mimi nimempindua?"

"Si wewe," mdogo wake akasema. "Ni stuli."

Siku yake sasa ilikuwa imefika. Kwa shangazi, kitabu kilimwangalia yeye, naye alikuwa akikigeuza mwenyewe, kwa sababu kikimwelekea alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole kama mtoto wa Gredi ya Kwanza. Tulijaribu kumbadilisha. Wiki kadhaa alisoma upande wetu wa meza na kasi yake ikaporomoka, akaanza kukosea hata hesabu za desimali. Mtihani ulikuwa unakaribia. Tukakubaliana aache macho yake yalivyo, na tukatengeneza utaratibu wa grafu peke yake: geuza karatasi juu chini, chora mistari yako kama ulivyozoea, irudishe karatasi, ndipo uandike namba. Ukifanya hivyo, sifuri inaangukia pembe ya chini kushoto, mahali pake. Alifanya mazoezi mpaka wale wavulana wakaanza kumwimbia, "Geuza, chora, rudisha!" naye akiwaambia wanyamaze, anafikiri.

Alasiri ya siku ya mtihani wa hesabu nilimngoja mlangoni mwa kanisa. Alikuja akitembea taratibu, sare ikiwa safi.

"Grafu ilikuja?"

"Ilikuja. Ya nguzo."

"Na?"

"Niligeuza karatasi. Nikachora mistari. Halafu msimamizi akafika kwa dawati langu, akasema, binti, karatasi inakaa hivi. Akanirudishia mwenyewe."

"Vizuri. Hapo ndipo pa kuandika namba."

"Eeh. Lakini nilishtuka, ticha. Nikasahau nimefika wapi. Nafikiri alipoenda niligeuza tena."

"Unafikiri?"

Akafumba macho. Akanyoosha mikono mbele yake kama ameshika karatasi, akaizungusha, akasita, akaizungusha tena. Nilimwona akitafuta ile pembe yenye sifuri.

"Nguzo zote nilichora," akasema alipofumbua macho. "Namba zote niliandika. Sikumbuki tu zilikuwa zinaangalia nani."

Matokeo bado hayajatoka. Jumamosi iliyopita alikuja kama kawaida, akakaa upande wa pili wa meza, akawasomea wenzake maswali.