Mchele Nyuma ya Pikapu

Shoga yangu alifia Uchina, huko juu Hunan, milimani, kwenye mji mdogo wenye viwanda vya nywele za bandia. Alikwenda kuchagua rasta za duka lake la Kariakoo, presha ikampanda akiwa gesti, na mpaka anafikishwa hospitali alikuwa hawezi tena kusema. Mimi nilikuwa Guangzhou, mtaa wa Yide Lu, nachagua midoli, simu ikaingia. Nikakaa juu ya boksi. Mwenye duka akaniletea kikombe cha maji ya moto, maana Wachina dawa yao ya kila jambo ni maji ya moto. Nikayanywa.

Tulikuwa tumewekeana ahadi, mimi na yeye. Safari zetu za mwanzo tulikuwa tunalala kitanda kimoja kwenye chumba cha kupanga karibu na Zhanqian Road, hapa Guangzhou, mabelo ya nguo yametubana kila upande, na usingizi ukikataa tunaongea. Atakayetangulia, mwenzake atamkosha. Sisi wote wawili ni wakosha maiti, wanawake wa mtaani kwetu Dar tumewakosha wengi, na tunajua mikono inavyoweza kuwa migumu kwa mtu isiyemjua. Aliniambia, "Mimi sitaki kugeuzwageuzwa kama gunia." Nikamwambia, "Wewe mzito, nani atakugeuza." Tukacheka.

Watu wa umoja wetu wa wafanyabiashara walihangaika na karatasi, na mwanawe wa Dar akaridhia mama yake azikwe hukohuko. Mji ule una Waislamu wa Kichina, wana msikiti wao na makaburi yao mlimani. Imamu wao akatuma ujumbe wa sauti, mjukuu wangu akanitafsiria. Wanawake wao wako tayari kumkosha. Kilichowashinda ni nywele.

Shoga yangu alikuwa amesuka rasta nyembamba mpaka kiunoni. Mwuza nywele lazima kichwa chake kiwe tangazo. Na maiti ya mwanamke hufumuliwa, maji yafike kwenye ngozi ya kichwa. Wale kina mama hawajawahi kushika msuko kama ule. Hawakujua nywele zake mwenyewe zinaishia wapi na za dukani zinaanzia wapi. Wakauliza, wakate juu kabisa, karibu na ngozi?

"Waambie wasiguse," nikamwambia mjukuu. "Waambie nakuja."

Imamu akajibu kwa upole lakini hakuzunguka. Mazishi ni kesho baada ya alasiri. Jioni theluji kubwa inakuja, na njia ya makaburini ikishafunikwa haipandiki tena kwa siku nyingi. Tukifika tumefika. Tusipofika watakata, watamkosha na watamzika.

Ilikuwa ni wiki zile za kuelekea Mwaka Mpya wao, Uchina nzima inarudi kwao. Tiketi za treni, meiyou. Neno hilo ndilo la kwanza mfanyabiashara yeyote analolijua hapa, maana yake hakuna. Ikabaki pikapu.

Pikapu ile ni ya kampuni ya mizigo anayofanyia kazi mjukuu wangu. Anapeleka mizigo ya wateja bandarini Huangpu, msichana peke yake kati ya wanaume, na nawaambia ukweli, sijaona wa kumfikia. Alikuja kusoma biashara huko kaskazini kabisa, mji ambao mto unaganda mpaka watu wanatembea juu yake, na hukohuko ndiko alikojifunzia kuendesha. Mimi shule niliishia darasa la nne. Nikikaa kwenye kiti cha pembeni nikamwangalia anavyokata kona kwenye magari yale yote, najiona kama nimesoma mimi.

Jioni ile pikapu ilikuwa imejaa maboksi ya marumaru ya mteja. Nikawaambia vijana wa godauni washushe yote.

"Bibi, niachie ya chini," mjukuu akasema. "Yale ya juu ya ekseli ya nyuma. Yanatusaidia kwenye barafu."

"Tunakwenda kwenye msiba, we unataka kubeba marumaru? Gari likiwa jepesi linakimbia."

"Linakimbia wapi ndiyo swali."

"Mke mwenzangu, shusha mzigo."

Hivyo ndivyo ninavyomwita, na mume wetu ni babu yake, marehemu. Wakashusha yote, na wenzangu waliokuja kunipa pole wakasema nimefanya vizuri, maana sisi watu wa pwani tunajua mzigo ndio unaochelewesha gari. Alichoweza kufanya ni kumwaga maji ya bomba yaliyokuwa kwenye kile kichupa cha kuoshea kioo na kutia dawa isiyoganda, kuangalia maji ya rejeta, na kutupa minyororo ya matairi nyuma ya kiti.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Baridi ya Guangzhou ni ya kuvaa sweta na kulalamika. Niliweka miguuni mfuko wangu wenye sanda, karafuu maiti, udi, na kitana cha mbao. Saa za mwanzo njia ilikuwa kavu. Baada ya Shaoguan milima ikaanza, handaki baada ya handaki, na katika mojawapo tuliingia barabara ni nyeusi, tukatoka upande wa pili ni nyeupe. Mbele trafiki wamefunga barabara kuu. Magari yote yakashushwa kwenye barabara ya zamani.

Mimi theluji nilikuwa naijua ya kwenye televisheni, laini, watoto wanairusha. Ile haikuwa hivyo. Ilikuwa ni mvua inayoganda ikigusa kitu. Mianzi imeinama mpaka chini. Nyaya za umeme zimenenepa kama mkono wa mtu. Lori la machungwa limelala ubavu, machungwa yamemwagika bondeni, na pembeni yake mtu amefunikwa blanketi mpaka usoni. Hakuna aliyesimama. Na sisi hatukusimama.

Mjukuu alikuwa kwenye gia ya pili, mguu hata hauonekani kugusa mafuta. Aliacha nafasi mbele yake ya kutosha kuingia basi, na kila aliyeona nafasi ile akaingia.

"Wanatupita," nikasema.

"Waache."

"Saa nne hii."

"Naiona, Bibi."

"Sasa mbona unakwenda kama umebeba mayai?"

Tukafika kwenye kidaraja, cha kawaida kabisa, chini kijito. Kabla tu ya kidaraja akaachia mafuta kabisa. Lakini mkia wa pikapu ukaondoka. Haukuruka wala kupiga kelele, uliondoka tu, kama mtu anayeinuka kwenye mkeka. Nikaona kijito kinakuja dirishani kwangu. Nikatamka shahada. Nikapiga kelele, "Breki, breki," na yeye hakukanyaga. Aliuelekeza usukani kulekule mkia unakokwenda, taratibu, mikono miwili, na pikapu ikageuka, ikagusa chuma cha pembeni, ikasimama.

Akavuta breki ya mkono.

"Ningekanyaga breki tungekuwa kule chini," akasema. "Nyuma hamna kitu, Bibi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na hayana kitu cha kuyakandamiza. Ndiyo maana niliyataka yale marumaru."

Nilikuwa nikifikiri nitamwambia nini mama yake.

Kwenye kijiji kilichofuata kulikuwa na duka la mchele. Akaingia, akarudi na wanaume wawili wamebeba magunia. Akayapanga mwenyewe, juu ya ekseli pale, sio huku mwisho, akayakaza kwa kamba ili yasitembee. Kisha akapiga goti kwenye ule uji wa barafu akafunga minyororo kwenye matairi ya nyuma. Mikono yake ilikuwa myekundu kama imechomwa. Mimi niko ndani, natazama saa.

"Haya, sasa si unaweza kukimbia."

Akanigeukia. Hajawahi kunitazama vile.

"Naweza. Halafu watakuwa na maiti tatu, na mkosha hayupo."

Nikageuza uso dirishani. Adhuhuri ilitukuta njiani, tunapanda, minyororo inatafuna barafu, magari yale yaliyotupita tunayakuta mojamoja yamegeukia yanakotoka. Nilimwomba Mungu aisimamishe kidogo saa yake. Nikamwomba shoga yangu radhi kabisa, maana moyoni nilikwishakubali kwamba tumechelewa.

Tulipofika msikitini wale kina mama walikuwa wamesimama mlangoni kwenye baridi. Ndani shoga yangu amelala kwenye ubao, amestiriwa kwa shuka, na kwenye meza ndogo kando yake kuna mkasi. Hawakuwa wameutumia. Yule mkubwa wao akamwonyesha mjukuu saa ya ukutani, akasema kitu kifupi.

"Anasema imamu amewaambia hadi hapa," mjukuu akasema. "Hawezi kusogeza zaidi."

Kufumua kichwa kile chote kungetaka nusu siku. Kwa hiyo ni mkasi tu, lakini mkasi unaojua. Unashika msuko, unauteremsha kati ya vidole, na mahali nywele zake zinapoishia msuko unakuwa laini zaidi, unateleza kama uzi. Hapo chini kidogo ndipo unapokata, kisha unaofumua ni ule uliobaki, mfupi. Kazi hiyo naifanya nimefumba macho. Nikashika msuko wa kwanza. Sikusikia kitu. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa kwa baridi ya njia nzima, sikuvaa glavu. Nikaviweka kwenye maji ya moto, nikaviweka kwapani, nikarudi. Hamna. Nilikuwa nimeshika kamba tu.

Nimetoka kote kule, na mikono niliyomwahidi nimeiacha barabarani.

Mjukuu alikuwa amesimama nyuma, amejibana ukutani. Hajawahi kugusa maiti. Lakini naye amesuka, rasta hizohizo, ndefu. Na vidole vyake vilikuwa vimerudi, kwa sababu ameendesha na glavu.

"Njoo," nikamwambia.

"Bibi, siwezi."

"Jishike kichwani kwako kwanza. Zako zinaishia wapi?"

Akajishika. Akateremsha vidole, vikasimama.

"Hapo. Sasa mshike yeye."

Akamshika. Aliutoa mkono mara moja kwa ule ubaridi, akaurudisha. Akateremsha taratibu, uso umeinama, kama anavyosikiliza injini. "Hapa," akasema. Nikakata. Yule mama mkubwa akaja upande wa pili, akatazama, akashika kipande kilichobaki akaanza kukifumua. Wenzake wakaja. Wanawake wa kofia nyeupe wamekizunguka kichwa cha shoga yangu, hakuna lugha, ni vidole tu na mjukuu wangu anasema hapa, hapa, hapa. Machozi yanamdondoka na hasimami kuyafuta.

Tulimkosha. Sikumgeuza kama gunia. Nilimchana kwa kitana chake, maana kile cha mbao kilikuwa chake, nikamsuka nywele mikia mitatu nikaipeleka nyuma, nikamfunika.

Alasiri iliposaliwa gari la msikiti likashindwa kupanda. Lilifika nusu ya mlima likarudi kinyumenyume. Imamu akaitazama pikapu, ile minyororo, yale magunia. Kwetu wanawake hatwendi makaburini. Lakini pikapu yetu ilikuwa na dereva mmoja tu anayeiweza. Wakamlaza shoga yangu nyuma, katikati ya mchele, wanaume wakatembea pembeni wameshika ukingo, na mjukuu wangu akampandisha kwa gia ya kwanza, hakusimama hata mara moja. Mimi nilibaki mlangoni nikawatazama mpaka kona ikawameza. Theluji ikaanza wakati wanashuka.

Mchele tuliuacha msikitini, wakapika kwa ajili ya watu waliochimba kaburi kwenye udongo mgumu kama saruji. Wakati wa kurudi mjukuu alipakia mawe, na mimi nilimsaidia kuyabeba.

Nilipofika Guangzhou mwanawe shoga yangu alipiga simu kutoka Dar. Aliuliza swali moja tu kabla hajaanza kulia.

"Mama, walimkata nywele?"

"Za dukani tulikata," nikamwambia. "Zake amekwenda nazo zote."