Mlango Uliotangulia Nyumba

Mlango wetu ulikuwepo kabla ya nyumba. Ulikuwa wa mninga, mzito, umechongwa maua pembeni, na ulisimama pamoja na fremu yake nyuma ya kitanda changu katika vyumba viwili tulivyopanga Temeke, umefunikwa shuka kuukuu ili vumbi lisiupate. Baba aliununua enzi za neema, alipokuwa bado anahangaikia makaratasi ya mizigo ya watu kule bandarini Kurasini na kila jioni anarudi na kitu mkononi. Wenzake walianza na msingi, zikaja kuta, yakaja mabati. Yeye alianza na mlango.

Nililala chini ya ule mlango utoto wangu wote. Usingizi ulipoanza kunichukua niliona shuka likiteleza lenyewe, mlango unafunguka bila kelele, na upande wa pili pana ukumbi mrefu wenye upepo na mwanga wa asubuhi ambao sijawahi kuuona kwenye nyumba yoyote ya kupanga. Niliingia nikatembea humo polepole, bila viatu. Mara nyingine mama alinikuta asubuhi bado nimeweka kiganja kwenye ule ubao. Alinifunika vizuri na kurudi kwenye cherehani yake, maana alikuwa akishona sare za shule na sare hazingoji.

Nyumba yenyewe ilikuwa Pugu, au tuseme kuta zake. Ilikuwa pagale: hakuna mabati, hakuna madirisha, majani mpaka magotini. Jumapili tulikwenda kuitembelea kama watu wanavyokwenda kumwona mgonjwa. Baba alitembea mbele na kamba yake ya katani yenye mafundo, ile aliyoitumia kupimia kila kitu pale wakati fundi anajenga, na kwa ncha ya kamba alituonyesha. Hapa sebule. Hapa watakaa wageni. Wewe chumba chako hiki, dirisha linatazama msitu. Tuliketi juu ya matofali tukala viazi vitamu, ukungu ukishuka kutoka vilimani na mawingu yakipita juu ya sebule yetu. Katika chumba cha baba na mama uliota mpapai ambao hakuna aliyeupanda, ukakua mpaka ukapita kuta, ukazaa. Mama alichuma mapapai na kurudi nayo Temeke. Mimi nilikuwa na furaha hata mabati sikuyafikiria.

Kazi ya baba haikufa siku moja. Yale makaratasi yalihamia kwenye kompyuta, matajiri wakataka vijana wanaozijua, baba akawa mtu wa kusubiri simu. Hapo ndipo alipoanza kuwataja waliomponza. Meli zimepungua. Saruji imepanda. Ndugu zake wamemtupa. Tajiri wake amemwacha kwenye mataa. Na juu ya wote alikuwepo fundi wa kuta, ambaye kwa maelezo ya baba alikuwa mlevi, kipofu na mwizi, vyote kwa pamoja. "Mambo yakikaa sawa," alimalizia kila mara, kisha akanyoosha shuka la mlango.

Leo nikisikia mtu kwenye redio anafoka kwamba maskini kajitakia mwenyewe, nazima redio. Nilimwona baba akiamka kabla ya adhana, anapiga pasi shati, anatoka kwenda kukaa nje ya ofisi za watu mpaka jua linazama. Mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Saruji ilipanda kweli, na yule tajiri alimwacha kweli. Sitakubali mtu asiyemjua amwite baba yangu mvivu. Lakini nakumbuka pia jinsi kuwataja wale watu kulivyomliwaza. Alikuwa akiwataja mmoja mmoja kwa sauti ya upole, karibu ya kubembeleza, akiwa amekaa kitandani kwangu na mgongo wake umeegemea mlango.

Jumapili moja mama alisimama katikati ya sebule ya Pugu akatazama juu kwa muda mrefu.

"Naezeka chumba hiki kimoja," alisema. "Nimekuwa naweka kidogo kidogo. Madirisha tutaziba kwa tofali. Tuhamie."

Baba alicheka kwanza. "Kwenye pagale? Watu watatuonaje?"

"Watatuona tuko kwetu."

"Na mlango?"

"Si tunao."

Baba akatikisa kichwa. Mlango kama ule hauwekwi kwenye nyumba nusu, alisema. Mlango unakuja mwisho, nyumba imeshapigwa rangi, majirani wamekuja kula pilau. "Nyie tangulieni. Mie nabaki huku karibu na kazi. Mambo yakikaa sawa nakuja nao."

Mama akaezeka ile sebule. Tukahama, mimi na yeye na cherehani, baba akabaki Temeke na mlango.

Pale pa kuingilia mama aliweka bati moja, akalifunga kwa waya. Alfajiri ukungu uliingia kwa chini ukatanda sakafuni, nami nilishusha miguu ndani yake taratibu kabla ya kugusa saruji. Ngedere walikuja kukaa juu ya kuta za vile vyumba visivyoezekwa, wakatutazama tukinywa chai kama vile sisi ndio tuliowavamia. Ile ndoto ya ukumbi mrefu haikunifuata Pugu. Nadhani niliacha kuihitaji, kwa sababu asubuhi ile niliyokuwa nikiiota ilikuwa mlangoni kwetu, ingawa mlango haukuwepo.

Baba alikuja kila Jumapili. Alisimama nje akaita "Hodi!" kwa mdomo, maana bati la waya haligongeki. Mama alijibu karibu, mimi nikampa shikamoo, akaketi kwenye stuli tuliyowawekea wageni. Alisifia upepo. Alikunywa chai, akauliza habari za shule, kisha akaaga mapema eti asije akachelewa usafiri. Iliniuma sana. Watoto wenzangu walikuwa na baba, mimi nilikuwa na mgeni wa Jumapili.

Kisha masika yakaingia. Siku moja nilitoka shule nikakuta bati letu la mlangoni limetua kwa jirani, sebule imejaa maji, na vitambaa vya sare za watu, ambavyo mama alikuwa ameshavikata, vimetapakaa kwenye tope jekundu. Mama alirudi na vifungo alivyokwenda kununua, akasimama kizingitini. Nilidhani atalia, na nilijiandaa kulia naye. Alivua viatu akasema, "Lete beseni."

Jumapili baba alipokuja alikuta nyumba nzima imeanikwa. Kuta zote za vyumba vilivyo wazi zilikuwa zimevaa vitambaa vya bluu na vyeupe, na vingine vilining'inia kwenye mpapai, vinapepea. Alipita katikati yake polepole akivigusa kimoja kimoja, na kwa muda kidogo alionekana kama mtu anayetembea ndani ya nyumba iliyokamilika. Halafu akakaa kwenye stuli akaanza.

"Mvua ya mwaka huu nayo imezidi. Na yule fundi, angenyanyua kizingiti, maji yangeingilia wapi? Halafu kama tajiri asingenifanyia vile, saa hizi..."

Mama alikuwa anakunja kitambaa. Hakupandisha sauti. "Mume wangu, yote nayakubali. Kazi ilikatika, hukuikata wewe. Saruji hukuipandisha wewe. Nilikuwepo, niliona. Sasa nijibu kimoja tu. Ule mlango uko Temeke mpaka leo kwa sababu ya nani?"

Baba alitazama ndani ya kikombe. Akakiweka chini, chai yote imo, akatoka bila kuaga. Nilimfuata mpaka barabarani, hakugeuka. Nilirudi nikamnunia mama wiki nzima, kwa sababu niliona amemfukuza baba kwa maneno, na hata mgeni wangu wa Jumapili sasa sitampata. Mama aliniacha ninune. Lakini jioni nilimwona akitazama njia, na cherehani imesimama.

Jumapili iliyofuata tulisikia kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinanguruma kinapanda kwetu. Nyuma ulilazwa mlango, umevuliwa shuka, na juu yake godoro la baba na begi lake la nguo. Alishuka, akasalimia kama kawaida, wakasaidiana na dereva kuubeba. Wakausimamisha mlango na fremu yake mbele ya lile pengo la ukutani. Fremu ikagoma kuingia. Pengo lilikuwa jembamba.

Dereva akajaribu kuulazimisha, ukagoma. Baba akarudi nyuma hatua chache akatazama, na niliona uso wake ukianza kukaa vile nilivyouzoea.

"Huyu fundi," alisema. "Huyu fundi, wallahi..."

Mama akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo. Baba aliingiza mkono mfukoni, akatoa ile kamba ya katani, akaitandaza kwenye pengo kutoka fundo mpaka fundo. Ililingana sawasawa. Aliishika hapo muda mrefu.

"Hapana," alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Kipimo nilikitoa mie."

Aliazima nyundo na tindo kwa jirani, akavua lile shati la pasi, akaanza kuuvunja ukuta wake mwenyewe. Vumbi likampaka nywele zote. Mama alichanganya saruji kidogo iliyobaki, mimi nikabeba maji. Mpaka jua linashuka nyuma ya msitu mlango ulikuwa umesimama, umeinama kidogo upande wa kulia, na mpaka leo umeinama hivyo hivyo.

Baba akatoka nje, akaurudishia. Ndani kukawa giza tulivu, maana madirisha yalikuwa tofali tupu, na mwanga mwembamba ukapita chini ya ubao mpaka kwenye vidole vya miguu yangu. Tulisimama mimi na mama tukisubiri. Kisha mlango ukagongwa, kwa mara ya kwanza tangu niujue.

"Nani?" mama akauliza.

Nilimsikia akipumua.

"Mie."

Mama alikuwa amejifuta macho kwa upande wa khanga, na sauti yake ilipotoka ilikuwa na kicheko ndani yake.

"Sukuma basi. Haujafungwa."